Nataka kompyuta ya nyumbani yenye nguvu kweli kweli: wakuu, ipitieni orodha yangu kabla sijalipa

Kitasa Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimejitokeza maana maji yamenifika shingoni.

Mashine yangu ni ya mwaka 2017. Ndani kuna prosesa Core i7-7700, RAM ya GB 16, kadi ya picha GTX 1060 ya GB 6 na diski ya sahani, ile inayozunguka. Imenitumikia, sina lawama nayo. Ila Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa prosesa yangu kwa sababu upande wa Intel wanaanza kupokea kizazi cha 8, na yangu ni ya 7. Nimekosa kwa kizazi kimoja, kama mtoto aliyezaliwa siku moja baada ya tarehe ya kuandikishwa shule.

Kazi zangu: kuhariri video kila siku (ndiyo inayonilisha), Blender (programu ya picha za 3D) mara mbili tatu kwa wiki, na usiku gemu kidogo na kijana wangu wa miaka 13.

Orodha niliyoandika:

Prosesa Ryzen 9 9950X ya AMD, ile ya viini 16. RAM GB 16 ya DDR5. Kadi ya picha RTX 5060 Ti ya GB 8. SSD ya NVMe (diski ya chipu, isiyozunguka) ya TB 1. Pawa saplai iliyokuja na kasha, imeandikwa wati 700.

Jamaa mmoja aliniambia prosesa ndiyo ubongo, hela yote niimwage huko. Nipeni maoni, msinionee huruma.

Nasoma Tu

Nakaa siti ya mbele. Na mimi naikaribia siku ya kununua.

Fundi Bisibisi

Mkuu Kitasa, umesema tusikuonee huruma, basi sawa. Hiyo orodha ni lori lenye injini ya meli na matairi ya baiskeli. Prosesa ya viini 16 umeipa RAM GB 16, yaani GB 1 kwa kila kiini. Unayo hiyo GB 16 tayari, na ndiyo unayoikimbia!

Lakini sikupi orodha mpya leo. Watu wengi humu wanarusha majina ya vifaa kabla ya kuuliza mtu anasubiri nini. Mashine huwa ina haraka sehemu zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo unayoiita "kompyuta nzito". Kwa mmoja ni diski, kwa mwingine ni RAM, kwa mwingine ni kadi. Ukibadilisha isiyohusika utakuwa umenunua mashine mpya yenye kusubiri kulekule.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua kazi yako halisi, ile inayokukera, usifungue gemu ya kupimia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, dirisha hilo liweke pembeni. Kisha fanya kazi kama kawaida kwa nusu saa. Kila unapojikuta umekaa unatazama kiduara kinazunguka, tupia jicho pembeni: nani yuko asilimia 100? Andika kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utuletee.

Na kitu kimoja zaidi: video zako zimerekodiwa kwa kodeki gani, yaani njia gani ya kuzibana? Usinijibu "MP4". MP4 ni mfuko tu, nataka kujua kilichomo ndani.

Chuma cha Zamani

Mnamchosha mtu bure. Anunue laptopu kubwa ya gemu yenye RTX, mambo yaishe. Kila kitu kimo humo, anabeba popote.

Fundi Bisibisi

Chuma, amesema kompyuta ya nyumbani, hajasema anasafiri. Halafu laptopu zina ujanja wa majina ambao lazima tuuseme. RTX 4090 ya mezani ina viini vya CUDA (vya kukokotoa) 16,384 na memori GB 24, na inaruhusiwa kula hadi wati 450. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728 na GB 16, na wati zake ni sehemu tu ya hizo. Jina ni lilelile, lakini hata chipu yenyewe ni nyingine. Sisemi laptopu ni mbaya, nasema mtu akilipia jina la mezani apewe cha mezani.

Chuma cha Zamani

Hilo la chipu kuwa nyingine nilikuwa silijui. Nimenyamaza kwa muda.

Kitasa Butu (mleta uzi)

Nimerudi na karatasi, na aibu kidogo.

Kufungua mradi wa jana: dakika nne na ushee. Diski asilimia 100 muda wote, prosesa iko 20. Naisikia kabisa diski ikikwaruza kama kuku anayechakura.

Nikianza kuvuta kichwa cha kuchezea kwenye taimlaini, picha inaganda, sauti inaendelea, halafu picha inakuja kuikimbilia sauti. Hapo prosesa ndiyo iko 100, kadi iko 5 tu. RAM inasoma 15.4 kati ya 16.

Blender: eneo moja lenye miti mingi limegoma kabisa, likasema memori ya kadi imeisha.

Kodeki nimeangalia kwenye kamera. Ni H.265, biti 10, 4:2:2. Sijui hizo 4:2:2 ni mambo gani, niliiacha kama nilivyoikuta kwa sababu ilikuwa juu kabisa kwenye menyu na nikadhani ya juu ndiyo bora.

Fundi Bisibisi

Mkuu, karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wote utakaopewa humu. Sasa tuongee. Kaa vizuri maana hii ni ndefu.

Nianze na diski kwa sababu ndiyo rahisi. Diski ya sahani inasoma MB 150 hadi 200 kwa sekunde ikiwa na siku njema, na hiyo ni kwa faili moja refu lililonyooka. Ukiipa vipande elfu vya picha ndogo ndogo, sindano inaanza kurukaruka na kasi inaporomoka. SSD ya SATA inafika kama MB 550. NVMe ya PCIe 3.0 kama 3,500, ya PCIe 4.0 kama 7,000, na za PCIe 5.0 zinagusa 14,000. Usiumwe na hiyo namba ya mwisho. Kutoka sahani kwenda NVMe yoyote utalia kwa furaha, kutoka 4.0 kwenda 5.0 utahitaji saa ya kupimia ndipo ugundue tofauti. Chukua mbili za 4.0: moja ya mfumo na programu, nyingine ya miradi inayoendelea. Ya sahani usiitupe, itakuwa ghala la kazi zilizokwisha.

RAM: kwako anzia GB 64. Si anasa. Kinachotokea sasa ni kwamba RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski yako ndiyo huyo kuku. Yaani matatizo yako mawili yanazaana.

Sasa 4:2:2, hapa ndipo penye utamu. Kamera inatenganisha mwanga na rangi. Mwanga inautunza wote, rangi inaipunguza kwa sababu jicho letu halina ukali sana kwenye rangi. 4:2:0 inabakiza robo ya taarifa za rangi, 4:2:2 inabakiza nusu. Kwa kazi ya kurekebisha rangi 4:2:2 ni nzuri, hukukosea kuiacha. Shida ni kufungua faili lake. H.265 imebanwa sana, na fremu nyingi hazijitegemei, zinaeleza tu nini kimebadilika kutoka kwa jirani zake. Ukivuta taimlaini kwenda nyuma, mashine inabidi ijenge fremu nyingi ndipo ikuonyeshe moja.

Kazi hiyo inafaa ifanywe na kipande maalumu kilichomo ndani ya kadi ya picha. Lakini kadi nyingi zilijengwa kufungua 4:2:0 na zikikutana na H.265 ya 4:2:2 zinakunja mikono na kuisukumia prosesa. GTX 1060 yako ni hivyo. RTX za 20, 30 na hata 40 nazo ni hivyo, hata ile kubwa kabisa! Upande wa Nvidia, walioanza kuifungua ni RTX za mfululizo wa 50, zilizotoka 2025. Intel, kwa kipande cha picha kilichomo ndani ya prosesa zao (picha za ndani), wamekuwa wakiifungua tangu kizazi cha 11. Ndiyo maana ukaona prosesa 100, kadi 5. Kadi haikuwa mvivu, haikuwa na kifaa cha kazi hiyo.

Kwa hiyo mtu angekuuzia leo RTX 4090 iliyotumika kwa bei ya kutupa, ungecheza gemu kama mfalme na taimlaini ingeendelea kuganda.

Nasoma Tu

Aisee. Nina 4:2:2 kwenye kamera yangu pia na nimeilaumu programu ya kuhariri mwaka mzima.

Dada wa Modeli

Fundi, hapo kwenye memori ya kadi ongeza neno. Amesema Blender imegoma, na bado anapanga kununua ya GB 8. Kutoka 6 kwenda 8 hiyo miti yake itaota mpaka kwenye jani la pili halafu igome tena.

Mimi naendesha modeli za lugha (akili bandia za kuandika) nyumbani, na kanuni ni ileile: kitu kiingie chote kwenye memori ya kadi au usijisumbue. Hesabu yake ya haraka: parameta (namba za ndani ya modeli) bilioni 8 kwa biti 16 kila moja ni GB 16, kwa biti 4 ni GB 4. Bilioni 70 kwa biti 4 ni GB 35 kwa namba zenyewe tu, bado hujaweka mazungumzo. Ikizidi hata kidogo, kinachozidi kinaenda kwenye RAM ya kawaida na kasi inashuka mpaka unaona neno moja moja likidondoka. Kadi ya polepole yenye memori ya kutosha inaishinda ya haraka isiyotosha, kila siku.

Kwa wenye hamu ya modeli kubwa ndiyo maana wengine tunazitazama Mac Studio za Apple, kwa sababu prosesa na picha wanakula sahani moja ya memori. Ile ya chipu ya M3 Ultra ilipotoka 2025 iliweza kuagizwa na hadi GB 512. Ila kwa mleta uzi siipendekezi, mtoto wake atamuuliza gemu ziko wapi.

Mpiga Kambi

Mkuu hapo juu, kwani RTX 3090 iliyotumika haitoshi? GB 24 hizo.

Dada wa Modeli

Mimi si mkuu, ni dada :)

Kwa kazi yangu mimi, 3090 ni nzuri hadi leo. Kwa yake ina kasoro mbili. Ni ya 2020, kwa hiyo hiyo 4:2:2 haifungui, kama Fundi alivyosema. Na nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana mpaka uchimbaji ulipokoma Septemba 2022. Uchimbaji peke yake hauui kadi, lakini 3090 ina chipu za memori upande wa nyuma pia, na huko feni hazifiki. Ukiinunua, fungua, badilisha pedi za joto, ndipo uiamini. Nani ana muda huo?

Chuma cha Zamani

Nimerudi. Prosesa sasa: mnampa AMD wakati Intel ndiyo wenye hizo picha za ndani zinazofungua 4:2:2? Mnajipinga wenyewe.

Kiini Kimoja

Chuma leo umesema la maana. Mtu asiyetaka kadi kubwa na anahariri tu, Core Ultra ya Intel yenye picha za ndani ni chaguo zuri, ilimradi asichukue zile zenye herufi F mwishoni kwa sababu hizo hazina picha kabisa. Core Ultra 9 285K ina viini 24, vikubwa 8 na vidogo 16. Kwa kurenda (kutoa picha za mwisho) si mchezo.

Ila huyu ananunua kadi ya mfululizo wa 50 kwa vyovyote, kwa ajili ya Blender. Basi hiyo kazi kadi itaifanya, na prosesa anaichagua kwa vigezo vingine. Hapo naona AM5 ya AMD ina faida moja kubwa: soketi, yaani kiota cha prosesa kwenye ubao mama. AMD waliianza 2022 na wameahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi. Tuliokuwa na AM4, soketi iliyotangulia, tunajua maana yake. Mimi nilinunua ubao mama mwaka 2017 na Ryzen ya kwanza, na ubao huohuo, baada ya kusasisha BIOS (programu ya ndani ya ubao), ukapokea 5800X3D iliyotoka 2022. Ubao umekuwa kama mke mkubwa, anawaona tu wengine wakiingia.

Chuma cha Zamani

Na zile Intel zilizokuwa zinaharibika?

Kiini Kimoja

Hizo ni za mezani za kizazi cha 13 na 14. Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba zilikuwa zinapewa volti za kupita kiasi na kuchakaa polepole. Wakatoa marekebisho kupitia BIOS na wakaongeza dhamana kwa miaka 2. Core Ultra za sasa hazimo kwenye kesi hiyo. Mwenye kizazi cha 13 au 14 asasishe BIOS leo, asisubiri mashine ianze kuzima yenyewe.

Fundi Bisibisi

Nakazia la Kiini. Na kuhusu 9950X: ni prosesa nzuri mno, viini 16 na nyuzi 32 (siyo nyuzi za humu, hizi hazina matusi). Imeandikwa wati 170 lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 230. Kitasa, Blender yako ikirenda kwa kadi, viini vingi hivyo vitakuwa vinapiga miayo. Shuka ngazi moja, 9900X, viini 12, wati 120 kwenye karatasi na 162 ikikazwa. Tofauti ya hela ipeleke kwenye kadi ya GB 16 na RAM. Ungekuwa wa gemu tu ningekwambia 9800X3D, viini 8 lakini ina kache ya MB 96, na MB 64 kati ya hizo zimewekwa chini yake. Kache kubwa ni kama fundi cherehani mwenye kila kitu mezani: hainuki kwenda kabatini. Gemu zinalipenda sana jambo hilo, kurenda hakulijali.

Mpiga Kambi

Kipoozeo cha maji au cha hewa?

Fundi Bisibisi

Kwa 9900X hewa inatosha. Minara miwili, feni mbili. Cha maji kina pampu, na pampu ni kitu kingine cha kufa.

Mama Soketi

Mmejadili kila kitu mkaruka kitu kitakachomuunguzia nyumba. Pawa saplai iliyokuja na kasha! Wati 700!

Nilikuwa na ya hivyohivyo. Siku ya kuifungua kwenye boksi nikashangaa ilivyo nyepesi, nikaiinua kwa vidole viwili. Nikasema teknolojia imekua. Ilikaa miezi saba. Jioni moja nikiwa narenda ikalia "pa!" kama puto, harufu ya samaki aliyeungua ikajaa chumbani, na giza. Ilipokwenda haikwenda peke yake, iliondoka na ubao mama na diski moja. Duka lilinijibu kwamba dhamana ni ya pawa saplai tu, vingine havihusiki. Nikapewa nyingine ileile. Nimeifanya kizuizi cha mlango, na hata hiyo kazi haiiwezi kwa uzito ule.

Wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya nje si kitu mpaka ujue zinatoka wapi. Soma jedwali ubavuni: mstari wa volti 12 unatoa wati ngapi? Prosesa na kadi zote zinanywa hapo. Nyingine zimeandikwa 700 lakini mstari huo una 400 na kitu.

Halafu kadi za sasa hazivuti umeme kwa ulaini. Zinaruka juu kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu zinarudi. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinataka pawa saplai istahimili mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Ya zamani inaweza kuona mruko huo ikadhani ni shoti, ikazima. Mtu anabadilisha RAM, anabadilisha Windows, kumbe ni umeme.

Na ile plagi mpya ya pini 16: isukume mpaka mwisho, uhakikishe haina pengo hata la ukucha, na usiikunje karibu na mdomo wake. Zilizoyeyuka kwenye 4090 nyingi hazikuwa zimeingia sawasawa.

Chukua wati 850 ya kampuni inayoeleweka, Gold. Gold kwenye kipimo cha 80 Plus maana yake ikibebeshwa nusu ya uwezo wake inapoteza kama asilimia 10 tu kwa joto. Haimaanishi imejengwa vizuri, watu wanachanganya hapo, lakini anayejenga ovyo mara nyingi hafiki Gold.

Kitasa Butu (mleta uzi)

Mama Soketi, nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Ya kasha nimeitoa kwenye orodha.

Orodha mpya: 9900X, RTX 5070 Ti ya GB 16, RAM GB 64, NVMe mbili za PCIe 4.0 (TB 1 na TB 2), pawa saplai 850 Gold ya ATX 3.1, kipoozeo cha hewa. RAM nimeona vijiti vinne vya GB 16 vina taa nzuri zaidi. Nichukue hivyo?

Kiini Kimoja

HAPANA. Vijiti viwili vya GB 32. DDR5 haipendi msongamano. Angalia maelezo ya AMD yenyewe kwa Ryzen 7000 au 9000: vijiti viwili vinakwenda 5200 au 5600 rasmi, vinne vinashuka mpaka 3600. Utakuwa umelipia taa kwa kasi. Chukua viwili vya 6000 vyenye EXPO (mpangilio wa kasi uliowekwa tayari ndani ya vijiti), mashimo mawili yaliyobaki yaache wazi. Viwili hivyo vikae shimo la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, kitabu cha ubao kitakuonyesha.

Na usichelewe sana, RAM zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinazigeuzia chipu upande wa mashine za akili bandia. Dada wa Modeli, wewe na wenzako mna kesi ya kujibu.

Dada wa Modeli

Nakataa mashtaka. Mimi natumia kadi moja tu.

Kitasa Butu (mleta uzi)

Wakuu na madada, vifaa vimefika, nimeunganisha leo kuanzia asubuhi. Nimewasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini NYEUSI. Dakika ya pili sasa. Kuna kitaa kidogo cha njano kwenye ubao kimeandikwa DRAM. Nimezima nikawasha mara tatu. Mikono inatetemeka. Nimeua nini?

Fundi Bisibisi

Hujaua kitu. ACHA KUZIMA. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, ubao unajifunza vijiti vyako, unajaribu muda wa kila mstari mmoja mmoja. Kwa GB 64 inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kila ukizima anaanza darasa la kwanza upya. Washa, toka chumbani, kanawe uso.

Mama Soketi

Na waya wa skrini umechomeka kwenye kadi au kwenye ubao?

Kitasa Butu (mleta uzi)

...kwenye ubao.

Mama Soketi

Hamishia kwenye kadi. Hilo limewapata wengi humu, hawasemi tu.

Kitasa Butu (mleta uzi)

IMEWAKA. Baada ya dakika sita hivi, nikiwa jikoni, kijana kapiga kelele mpaka nikadhani kuna moto.

Windows 11 imeingia bila ubishi. EXPO nimeiwasha kwenye BIOS, RAM inasoma 6000 (kabla ya hapo ilikuwa 4800, kwa hiyo msiowasha mnajiibia). Skrini nayo ilikuwa imejiweka hezi 60 na ni ya 144, kijana ndiye aliyegundua.

Mradi uleule wa dakika nne umefunguka kwa sekunde 11. Taimlaini ya 4:2:2 naivuta mbele na nyuma, picha imenata na mkono wangu. Prosesa iko 18, na kwenye ukurasa wa kadi kile kigrafu cha kufungua video kimepanda. Ile miti ya Blender imerenda yote, imekula GB 11 na ushee za memori ya kadi. Ile ya GB 8 ingenichekesha.

Kitu kimoja kinanisumbua: kimya. Nilizoea kumsikia kuku. Sasa nikibonyeza kufungua faili nakaa nasubiri sauti, kumbe limeshafunguka zamani.

Swali la mwisho jamani. Feni za mbele nimeziweka mbili, ya nyuma moja. Nitajuaje kama za mbele zinavuta hewa au zinaitoa? Zote zinafanana.

Fundi Bisibisi

Chukua kipande cha karatasi nyepesi, kisogeze mbele ya kasha. Kikinata, zinavuta. Kikiruka, geuza.

Kitasa Butu (mleta uzi)

Moja imenata. Ya chini yake imeruka.

Nachukua bisibisi.